Sura ya Saba: Nyuzi za Kijani

Mkuu wa upelelezi alisema faili la Nasor lifungwe, na Inspekta Léocadie akalifunga kweli. Alilifunga kwa kamba ya katani, akakaza fundo, akalitia kwapani na kutoka nalo kwenda maabara ya hospitali. Hakuna aliyemwambia alifunge kisha aliache mezani. Mwanamke huyu alikuwa na ugonjwa huo wa kutii neno na kuasi maana, nao ulikuwa umemnyima cheo zaidi ya mara moja.

Kesho yake asubuhi Atumani angesimama mbele ya majaji, na kwa jinsi mambo yalivyopangwa, angehukumiwa kufa kabla jua halijawa kali. Kisa chenyewe mtaa mzima wa Bwiza ulikijua. Atumani, mchinjaji wa ng'ombe, alimposa Nura, mdogo wake Nasor mwenye duka la vitambaa. Nasor akamkatalia mbele ya watu. Maneno yakapanda, Atumani akachomoa kisu, akamchana Nasor mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Nasor aliondoka akiwa ameushika mkono, akisema anakwenda kushonwa, na nyumbani hakufika. Atumani alikamatwa kabla hakujapambazuka, na tangu hapo hakutoka gerezani. Asubuhi hiyo hiyo kanzu ya Nasor iliokotwa ikiwa na damu. Mwili wenyewe ulikuja kuonekana wiki ya tatu, huko Ruziba, umenaswa kwenye matete ya ziwa, kisogo kimevunjwa.

Serikali ilisema Atumani alimfuata usiku ule ule akammaliza. Atumani alisema: nilimchana, nakiri, lakini sikumuua. Katikati ya kauli hizo mbili palikuwa na kipande cha ngozi kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Jamaa za Nasor, Waarabu wa asili ya Omani waliokaa mjini tangu enzi za babu zao, walikataa mwili upasuliwe. Walikubali tu kipande kidogo kikatwe kwenye kidonda cha mkono, tena kwa sharti kwamba kirudishwe kizikwe.

Léocadie alikuwa amekipigania kipande hicho kwa sababu moja. Kila mtu alijua kidonda kile kilianza lini. Ikiwa Nasor alikufa usiku ule, kingekuwa kibichi. Ikiwa kilikuwa kimeanza kupona, basi Nasor alikuwa hai wakati Atumani yuko nyuma ya nondo, na muuaji ni mwingine. Maji ya ziwa yalikuwa yameiharibu ngozi hata jicho tupu lisiweze kusema kitu. Hadubini ndiyo ingesema.

Taarifa ya Dokta Révérien, mkuu wa maabara, ilikuwa na neno moja la maana: kibichi.

"Rapport nilishaituma, madame," alisema Dokta Révérien alipomwona mlangoni. Alikuwa mtu nadhifu, tai yake imenyooka, koti lake jeupe limeshonwa viwikoni kwa uzi usiolingana. "Ulikuwa na lazima gani ya kujisumbua?"

"Niliisoma. Sasa nataka kuona."

"Utaona nini? Hii si foto ya harusi."

"Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, Dokta. Mi niko tayari kuinama."

Daktari alicheka. Walimu wote wana udhaifu mmoja, hawawezi kumfukuza anayetaka kufundishwa, na Léocadie aliujua udhaifu huo tangu shule ya masista. Akasogea kwenye meza ya dirishani, ambako vioo vyembamba vilikuwa vimesimamishwa vikauke, kando ya sanduku lililoandikwa kwamba lina vioo vya zamani vya wanafunzi. Kila kioo kilikuwa na alama ndogo katikati, nyekundu na kijani, nyekundu na kijani, safu nzima.

"Rangi zote hizi ni za nini?"

"Nyama ukiikata nyembamba namna hii, haina rangi. Ni kama maji tu. Donc tunaipaka." Daktari alikwisha kusahau kwamba hakumtaka mgeni huyu. "Kwanza nyeusi, inashika roho za chembe, kile kiini cha katikati. Halafu nyekundu, hiyo inaingia kila pahali, haichagui. Halafu asidi. Asidi inatoa ile nyekundu mu nyuzi peke yake. Unaelewa nyuzi? Zile zinazoshika mwili pamoja, ngozi isianguke, nyama isiachane. Nyuzi zikibaki uchi, tunazivalisha kijani."

"Kijani kila siku?"

"Mu vitabu ni bluu. Lakini tangu majirani watufungie mipaka, bluu iliisha. Toka ambargo ianze, hata tone moja halijaingia mu nyumba hii." Akajipiga kifua kidogo. "Wenzangu walifunga milango, wakaenda kulala. Mi nikasema apana! Watatunyima mafuta, watatunyima sukari, lakini macho hawatatunyima. Nikatafuta kijani kwa mapadri, kwa watia rangi ya vikapu, kila pahali, mpaka nikapata. Na kazi inaendelea."

Léocadie alimpenda kwa maneno hayo. Alimpenda kabisa, ndiyo maana kilichofuata kilimuuma. Mji mzima ulikuwa ukiishi hivyo, kwa kubadilisha hiki kwa kile na kukataa kufa, na huyu mtu mwenye viwiko vilivyoshonwa alikuwa mmoja wao.

"Basi nionyeshe cha Nasor," alisema.

Révérien alifungua droo, akatoa kioo chenye karatasi mpya iliyoandikwa jina la marehemu, akakiweka chini ya hadubini na kurekebisha kwa vidole vya mazoea. Léocadie aliinama. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe. Kisha picha ikatulia. Aliona nyuzi nene zilizokatika ghafla, kama kamba iliyopigwa panga, na katikati damu nyekundu imejaa. Hapakuwa na uzi mpya hata mmoja uliojaribu kuvuka kutoka ng'ambo moja kwenda nyingine. Daktari alikuwa amesema kweli, kidonda hiki kilikuwa kibichi.

Ila nyuzi zile zilikuwa bluu.

Léocadie hakuinua kichwa. Alijipa nafasi ya kupumua.

"Kioo hiki kilipakwa wapi, Dokta?"

"Hapa."

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Na mkono yangu mwenyewe."

"Ni safi sana. Mutu amelala mu maji siku zote zile, na nyama yake inang'aa namna hii?"

"Fomalini inahifadhi muzuri."

"Sawa." Sasa aliinuka, akageuka, akamtazama usoni. "Naomba uniazime ile chupa ya bluu, niione."

Révérien alitazama hadubini, akatazama safu ya vioo vya kijani dirishani, na rangi ikamtoka usoni bila haja ya asidi. Mtu anaweza kudanganya kwa mdomo mwaka mzima asishikwe, lakini huyu alikuwa amejishika kwa fahari yake.

"Ni Chanelle," alisema kwa haraka. "Yeye anabandika karatasi. Alichanganya. Chanelle!"

Msichana wa maabara alikuja akifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa ametoka Kinama asubuhi ile kwa miguu kwa kuwa mabasi hayakupita, na hakuwa na subira ya kusingiziwa.

"Dokta, mi sikugusa kioo ya ule marehemu," alisema baada ya kusikia. "Siku ile ulifunga mlango, ukasema utafanya mwenyewe. Mi ulinituma nipeleke chupa."

"Chupa gani?" Léocadie aliuliza.

"Ile yenye nyama iliyobaki. Familia walisema irudi izikwe."

"Ulimpa nani?"

"Mama Yaseen, mke wake." Chanelle alishangaa kuulizwa. "Mume ni wake. Ningempa nani mwingine?"

"Nilikwambia umpe Bader!" Révérien alipaza sauti, kisha akaufunga mdomo, lakini maji yalikwisha kumwagika.

Bader alikuwa kaka yake Nasor. Léocadie alivuta kiti, akakaa mkabala na daktari, magoti yao yakakaribiana.

"Kwenye sanduku la wanafunzi kuna vioo vya zamani vya bluu," alisema. "Nikimwambia Chanelle alifungue sasa hivi, tutakuta nafasi moja iko tupu. Tulifungue ao apana?"

Révérien alitikisa kichwa. Machozi yalimlengalenga, na hakuyaficha. "Bader alikuja hapa na watu wawili wenye bunduki. Hawakunitisha. Walinisalimia tu. Mmoja akanitajia shule ya mutoto wangu, darasa yake, na kiti anachokaa. Ungefanya nini, madame?"

"Sijui. Na wala sitakudanganya kwamba najua." Léocadie alisimama. "Kile cha kweli kiko wapi?"

"Nilikivunja. Na nta niliyogandishia ile nyama nikaiyeyusha."

"Basi washa moto tena chini ya hiyo nta, mi naenda kuleta nyama ya kwenye chupa. Chanelle, funga mlango huu kwa ndani. Dokta asitoke, na asiingie mutu."

"Ego, madame," alikubali Chanelle, na kwa uso wake ilionekana kwamba amri hiyo ilimfurahisha.

Nyumba ya marehemu ilikuwa nyuma ya duka lake, palepale Bwiza. Bader alikuwa kizingitini, mrefu, ndevu zimechongwa, tasbihi mkononi.

"Mwanamke yuko eda, madame. Haonani na watu."

"Haonani na wanaume. Mi nimeanza kuwa mwanaume lini?" Léocadie akampita. Kulikuwa na faida chache za kuwa mpelelezi mwanamke katika mji ule, na alizitumia zote.

Ruqaya, mke wa marehemu, alikuwa amekaa kwenye mkeka, amevaa nguo nyeupe za ukiwa, Yaseen mdogo amelala pajani. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliposikia jina la Atumani, alicheka kicheko kibaya.

"Unataka nikupe nyama ya mume wangu, ukamwokoe aliyemuua?"

"Nataka nikupe jina la aliyemuua, Mama Yaseen. Likiwa Atumani, kesho mi mwenyewe nitasema mbele ya majaji ni Atumani."

"Kwani unafikiri chupa bado iko? Si ilikuja ili izikwe?"

"Barabara ya makaburini imefungwa toka wiki jana, wanapigana huko. Hakuna aliyezika kitu."

Ruqaya alimlaza mtoto kando, akafungua sanduku la mbao, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe cha sanda.

"Bader amekuja kuniomba hiki kila siku. Anasema nimpe akatupe shimo lolote, Mungu atapokea. Nikamwambia hapana. Asubuhi ile kanzu ilipopatikana, mi nilitaka tuendelee kutafuta. Bader akasema ndugu yangu amekufa, tandikeni matanga. Tukatandika, mwili hatuna! Nikasema nitangoja, huenda yuko pahali anaumwa. Akaniambia nina wazimu wa huzuni. Mwili ulipokuja, akamwosha yeye peke yake, mlango umefungwa. Kaburini mwanamke haendi. Nimebaki na hiki tu. Nikaapa, wallahi, kitatoka mlango huu siku ya kuzikwa, na kitatoka mikononi mwangu."

"Basi kibebe we mwenyewe," alisema Léocadie.

Ruqaya akachukua mtandio.

Kizingitini Bader alinyoosha mkono kuzuia njia. "Shemeji, unakwenda wapi? Unavunja eda ya ndugu yangu!"

"Eda inaruhusu haja, Bader. Nina haja."

"Watu watasema nini?"

"Walisema walipotaka. Leo nami nina la kusema." Akainama, akapita chini ya mkono wake. Bwiza nzima ilimwona mjane wa Nasor akitembea juani na nguo nyeupe, amekumbatia kitu kifuani, na mpelelezi mwenye faili kwapani ubavuni mwake. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa waliacha kazi. Ruqaya hakuinamisha macho.

Mchana wote Dokta Révérien alifanya kazi na hakuna aliyemsaidia kusema uongo. Alikikata kile kipande kikawa chembamba, akakipitisha kwenye spiriti moja hadi nyingine ili maji yaishe, akakizamisha kwenye nta ya moto. Nta ilipoganda aliifunga kwenye mashine ya kukatia, na utepe mwembamba ukatoka mbele ya kisu, unaopeperuka hata kwa pumzi. Aliutandaza juu ya kioo. Ruqaya alikaa kwenye kiti karibu naye, midomo ikisogea kwa dua. Alikuwa amekubali kipande kikatwe kwa sharti la zamani: kila kitakachobaki, hata maganda ya nta, arudishiwe.

"Nitajuaje hautaharibu?" Léocadie aliuliza kabla rangi haijaguswa. "Asidi ikikaa sana ao kidogo, si unaweza kufanya kitu kionekane unavyotaka?"

Révérien hakukasirika. "Ndiyo, naweza. Kwa hiyo tunaweka shahidi." Alitoa kwenye kabati mabaki ya nta ya kovu la mgonjwa mwingine, kovu linalojulikana. "Hivi viwili vitaoga pamoja, rangi moja, saa moja. Kovu likitoka vibaya, usiniamini."

Nyeusi kwanza. Kisha nyekundu, na vioo vyote viwili vikawa kama vimelowa damu upya. Ruqaya alifumba macho. Kisha asidi, na daktari akasimama juu ya bakuli kama mama anayechunga maziwa yasichemke. Akavitoa. Kijani. Suuza. Mikono yake ilifanya kazi bila haraka wala kukosea. Léocadie aliona kwamba mtu huyu alikuwa akijirudishia kitu, na aliona haya kumtazama sana.

Léocadie alianza na kovu. Nyuzi zake zilikuwa kijani kibichi, zimefumwa sawasawa. Shahidi alikuwa amesema kweli. Akaweka kioo cha pili.

Chembe nyingi zilikuwa zimeoza, pamebaki vivuli vyekundu visivyo na umbo. Lakini nyuzi ni sugu, zinabaki nyama ikiisha. Upande huu palikuwa na nyuzi nene za zamani, na upande wa pili vilevile, na katikati, pale palipochanwa na kisu, palikuwa na nyuzi changa. Zilikuwa nyembamba, za kijani kilichopauka, bado hazijajua kukaa safu. Zilivuka kutoka ng'ambo hadi ng'ambo.

"Hizo zinahitaji muda gani?" aliuliza, jicho bado liko kwenye hadubini.

"Kwa mutu aliye hai? Wiki nzima na zaidi. Kwa maiti, hazioti kamwe." Daktari alifuta vidole vya kijani kwenye koti. "Nitalisema kesho mbele ya majaji. Mutoto na mama yake watavuka ziwa leo kwenda Uvira. Mi nitabaki."

Léocadie alimpa Ruqaya nafasi. "Angalia, Mama Yaseen."

"Nitazame nini? Mi sikusoma haya."

"Angalia kijani ya katikati. Ile haikuwepo Atumani alipomchana. Mume wako aliiotesha mwenyewe, baadaye."

Ruqaya aliinama. Alikaa hivyo muda mrefu, mkono mmoja umeushika ukingo wa meza. Alipoinuka uso wake ulikuwa mkavu, na ukavu huo ulimtisha Léocadie kuliko kilio.

"Alikuwa anapona," alisema. "Tulikuwa tunakula wali wa matanga, naye alikuwa anapona."

Gari lilipiga honi nje. Saa ya watu kuzuiliwa majumbani ilikuwa karibu, na Bader alikuwa amekuja kumchukua shemeji yake, safari hii akiwa na mmoja wa wale wenye bunduki. Chanelle alitaka kuzuia mlango. Léocadie akamwashiria aufungue.

Bader aliingia, akaona vioo, akaona koti la daktari lenye madoa ya kijani. Alielewa upesi.

"Twende nyumbani, shemeji," alisema kwa upole. "Umechoka. Haya mambo ya makafiri na machupa yao yasikuvuruge akili. Kesho haki itatendeka, nawe utamaliza eda yako kwa heshima."

"Ndiyo hilo nataka kukuuliza." Ruqaya alisogea mpaka akawa mbele yake kabisa. Alikuwa mfupi, ikambidi ainue kidevu. "Eda inahesabiwa toka siku mume alipokufa. We uliniambia nianze usiku ule wa kanzu. Sasa Dokta anasema usiku ule alikuwa hai, na wiki nzima baadaye alikuwa hai. Mi mwanamke wa dini, sitaki kumdanganya Mungu hesabu yake. Niambie, Bader. Nianze kuhesabu siku gani?"

Tasbihi ilisimama. Bader alifungua mdomo. Akisema ni usiku ule, kioo kingemkadhibisha. Akitaja siku nyingine, angekuwa ameitaja siku ambayo muuaji peke yake aliijua. Mwenye bunduki alimtazama, naye akingoja, na kadiri alivyongoja ndivyo alivyosogea mbali na bosi wake, hatua kwa hatua, mpaka akafika ukutani.

Léocadie aliliweka faili mezani, akafungua fundo la katani, akatoa kalamu.

"Jibu, bwana Bader," alisema. "Shemeji yako amekuuliza."